Mkate Uliofuta Nyuso za Watakatifu

Ni mwaka sasa, Feliksas, na yale maneno bado yananiganda: kwamba watakatifu waliochorwa ukutani mwa kanisa humchukua anayewagusa uso. Yalianzia mlangoni mwa kanisa, siku ya mazishi yako. "Alianza Adomas, sasa Feliksas," kinamama wakanong'ona. "Wote wawili walikuwa wakiwafuta." Nilirudi nyumbani nimemshika Genutė wetu mkono mpaka akalia, "Mama, unaniumiza!"

Ulikuwa kinyozi, mume wangu, mwenye mkono mwepesi. Ndiyo maana mzee Adomas alipofariki parokia ilikukabidhi wewe kazi ya kuzisafisha zile kuta. Kila ikikaribia Pasaka ulipanda ngazi na mkate mweupe, ukaukanda ule ulaini wa ndani, ukaubingirisha juu ya masizi ya mishumaa na makaa ya mawe, na uso ukatokea. Ulimuuliza Mtakatifu Petro kama anataka na ndevu zipunguzwe. Bibi Marcelė, aliyekuwa akisugua sakafu, akakujibu kutoka chini: "Mwache huyo, anza na zako kwanza!"

Uliowapenda zaidi ni wale wachimba makaa waliochorwa nyuma ya Msalaba, taa zao kofiani. Wa tatu ni babu yako. Walitoka Lithuania wakaja kuutoboa mlima huu wa Pennsylvania, na jasho lao ndilo lililomleta mchoraji kutoka kwetu. Babu yako ulimfuta polepole kuliko hata Bikira Maria.

Lakini kwetu mkate hautupwi. Ukianguka huokotwa, hubusiwa, huliwa. Sembuse huo uliowagusa watakatifu? Adomas alikufundisha uukaushe, uuweke kwenye kopo, uutie kidogo kidogo kwenye supu ya bitiruti. Nilikwambia ni mweusi kama soli ya kiatu. Ukacheka.

"Mama Genutė, wewe ukiona kivuli chako unamwita padri."

"Namwita daktari."

"Haya, waite wote wawili, waje wanywe supu."

Kisha tumbo likaanza kukukata. Wembe ukatetemeka mkononi, ukamkata mteja sikio, ukafunga duka lako la kunyolea ukiwa huniangalii usoni. Daktari alipopima damu alikuta madini ya risasi, yaliyomo kwenye rangi za zamani. Figo zilikuwa zimeshachoka. Nilipomwonyesha lile kopo, alilifunika haraka. Hakuna mtakatifu aliyekuchukua, Feliksas. Ni unga wa rangi, ulioumeza kwa heshima.

Hilo nalililia. Ninaloliogopa ni jingine. Mara yako ya mwisho kupanda ngazi, Genutė alikuwa chini yako, ukamshushia tonge lililomfuta babu. "Kula, mwanangu, upate nguvu zake." Damu yake nayo ina risasi. Wanasema inapungua. Mimi kila akishika tumbo namwita daktari.

Na juzi nimemkuta jikoni kwa Bibi Marcelė, amefumba kiganja. Nikakifumbua kwa nguvu. Kilikuwa kipande cheusi, kikavu.

"Ni cha baba," akasema. "Bibi amenipa nimkumbuke."

"Kimebarikiwa, Morta," bibi akasema. "Kitamdhuru nini mtoto?"

"Bibi yangu, ndicho kilichomuua baba yake."

Akakaa kitini. Juu ya jiko lake kulikuwa na kopo kama lako.

Ndiyo maana kumbukumbu hii naibandika mlangoni mwa kanisa, pale pale maneno yalipoanzia.

Tunakukumbuka mimi mkeo Morta, binti yako Genutė, mama yako Barbora na kaka yako Zigmas. Hutoki mioyoni mwetu, kinyozi wa watakatifu, hata siku moja.

Nanyi mnaosoma, mkimpenda Feliksas, epukeni haya:

Kula mkate uliofuta ukuta, hata chembe, hata kama umebarikiwa.

Kuutia kwenye supu au kuwapa kuku.

Kuuweka kwenye kopo. Kama kuutupa mnaona dhambi, uzikeni mbali na bustani.

Kumsimamisha mtoto chini ya ngazi.

Kurudi nyumbani na vumbi la ukutani mikononi na nguoni.

Kuwaacha wazee wetu wa ukutani na masizi kwa woga. Tafuteni mtu anayezijua rangi.

Kumwambia Genutė kwamba baba yake alichukuliwa na mtakatifu.