Nsansa Zilizotiwa Karanga

Morogoro

Mayu wangu,

Nisamehe kwanza, kabla hata sijakuamkia. Miezi miwili imepita tangu mfuko wako ufike na treni, nami sijakuandikia hata mstari. Ni uchovu wa mtoto na kazi, lakini zaidi ni aibu; utaona. Mwangaluka, Mayu. Goti linaendeleaje? Mvua imeshika huko Nkoma, au pamba bado inasinyaa? Sisi tupo mhola. Kabula ananyonya kama ndama. Baba yake alipunguzwa kazini kiwanda kilipouzwa, sasa anatembeza mitumba, kwa hiyo tunategemea kibarua changu cha kuosha chupa za maabara.

Mwenye maabara ndiye yule Dokta Sekela niliyekusimulia. Anasema ukila kunde au nyama, tumbo linaivunja vipande vidogo sana, vinaitwa asidi amino, na kila aina ina mlango wake wa kupita utumboni mpaka kwenye damu. Aina moja ikipungua, mwili haujengi hata nyingine zikijaa. Zaidi ya miaka ishirini anaifuata milango hiyo. Wenzake wakimtania, anajibu, "Mimi nimezeekea utumboni."

Siku mfuko ulipofunguliwa nilikuwa kliniki na Kabula, sikuona kilichomo. Baadaye Dokta akaja na karatasi, anacheza kabisa. "Mama Kabula! Majani ya kwenu yanakaribia maharage kwa asidi amino! Wafadhili wakiona hii, kazi yetu haifungwi ng'o!" Tukapiga vigelegele. Mimi nikaenda kuosha kinu walichosagia. Harufu ikanipanda puani, nikasimama nacho mkononi, nikawa nyumbani: wewe umeinama kwenye lile jiwe nyuma ya nyumba unageuza nsansa, majani ya kunde yaliyochemshwa, sisi tunafukuza mbuzi, jua linawaka, na hakuna aliyechoka. Nikalamba kidole. Karanga. Na chumvi.

Nilijua mara moja. Usingeweza kumpelekea mgeni majani matupu, Mayu. Uliyapika, ukayaunga, ukayaanika tena yasiharibike njiani. Kosa ni langu. Niliandika tu kwamba Dokta anaomba nsansa, sikusema ni za kupimwa.

Siku mbili nikanyamaza. Nikisema, kazi inafungwa na mimi naondoka nayo. Nisiposema, Dokta atawapa majani sifa ya karanga, aandike uongo kwa jina lake mwenyewe bila kujua. Siku ya tatu nikamfuata.

"Dokta, zile nsansa zina karanga."

"Nani kasema?"

"Nimelamba."

"Umelamba sampuli yangu?"

"Nilikuwa naosha, Dokta."

Akavua miwani, akaiweka juu ya ile karatasi. Nikaanza kufungua aproni. "Vaa hiyo," akasema. "Miaka yote hii, halafu nistaafu kwa karanga za mama yako?" Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Karatasi akaichana. Nsansa zilizobaki tukazila kwa ugali, akakomba sahani.

Sasa anataka kupima upya: majani yanapungukiwa nini, na karanga zinaongeza nini. Wafadhili wamempa hadi mwisho wa mwezi ujao. Mzigo usipofika, kazi inafungwa, nami sina kibarua.

Msalimie baba, mwambie nikisikia ng'ombe wakilia huku bado nageuka. Shangazi Holo aliyenilea ulipokuwa unaumwa, mwambie Kabula kachukua paji lake. Mjomba Masanja asiwauzie pamba wale wanunuzi wapya kabla hajaikagua mizani yao.

Ni mimi mwanao,
Minza

Dada Nkwimba, wewe unayemsomea, hapa soma polepole, mara mbili. Fungu la kwanza ni nsansa tupu, zilizochemshwa kwa maji peke yake, zikaanikwa juu ya jiwe, si kwenye mkeka wa karanga. Chumvi usitie, Mayu, hata ukiona aibu. La pili, karanga zilizomenywa, hazijakaangwa. La tatu, nsansa kama zile zile ulizotuma, na Nkwimba aandike umetia viganja vingapi vya karanga kwa chungu kimoja. Kila fungu na mfuko wake, ufungwe kwa kamba. La nne ni letu: matobolwa kidogo, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, nitamlowekea Kabula, ameota meno mawili. Lakini ya Dokta kwanza, Mayu. Ya kwetu nafasi ikibaki.