Bastola ya Kaka Harlan

Bonde la Stillhouse,
Kentucky.
Jumapili, 14 Juni 1987

Mpendwa mdogo wangu Twila,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Vipi hali huko Alaska, na mgongo wa Russ umepata nafuu? Watoto wamezoea kulala jua likiwaka? Sisi tu wazima. Dewey kile kikohozi kimemwachia, mvua imetuonea huruma, na maharage yameshapanda hadi juu ya fito.

Najua kwenye simu, kila ukiuliza habari za kaka Harlan, nilikuwa nakujibu kwamba yupo tu, kisha nahamia mambo ya hali ya hewa. Sikuwa na moyo wa kukueleza. Leo ninao.

Unakumbuka alivyokuwa siku tuliyomzika mkewe Imogene, jinsi alivyosimama pale kama mtu anayesubiri gari. Basi ulipoondoka alizidi. Siku moja alimwomba mume wangu aje achukue bunduki zake zote za kuwindia, akae nazo kwetu. Hakusema kwa nini, na Dewey hakuuliza. Walizifunga kwenye blanketi, wakazibeba hadi garini, na Harlan akarudi ndani bila kuaga. Tangu hapo nikawa napita kwake kila nilipopata kisingizio. Supu niliyompelekea naikuta vilevile ilivyo, imeganda mafuta juu.

Mwezi wa nne nilikwenda posta. Garnet wa dirishani unamjua, mdomo wake hauna kufuli. Akaniambia, "Kaka yako kapata mzigo mzito huo. Umeandikwa bastola ubavuni."

Twila, sijui niliendeshaje gari. Nilifika kwake nikaingia bila kubisha. Alikuwa mezani jikoni, miwani puani, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi. Mbele yake kulikuwa na mtutu, kipande cha mti kilichochongwa nusu, na skrubu zimepangwa kwenye kisahani cha Imogene cha maua. Ilikuwa bastola ya kizamani, zile za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, ambazo huuzwa vipande vipande mtu akajiungie mwenyewe.

Nikamwambia, "Harlan, nipe hicho kitu."

Hakuinua hata kichwa. "Uende nacho wapi? Hata tundu la skrubu hakina bado."

"Nipe tu."

Ndipo akanitazama, akaona nilivyokuwa nahema. Akavua miwani taratibu. "Kaa, Verna," akasema. "Kahawa iko juu ya jiko, jimiminie."

Akanieleza kwamba ni Orville Tackett, mwenzake wa zamu enzi za mgodini, aliyemvuta. Kila Jumamosi wazee hukutana nyuma ya shamba la Orville kulenga shabaha, kila mmoja na silaha aliyoiunga kwa mkono wake. "Nilimwambia nitaiunga," akasema, "lakini baruti na risasi vikae kwake. Na ikishakamilika, yenyewe pia ikae kwake. Nikamwambia na sababu."

"Sababu gani?"

"Hiyo hiyo iliyokuleta mbio."

Akaokota tupa, akaigeuzageuza. "Wakati wa baridi nilikuwa nalala nikiomba kusikuche," akasema. "Siku hizi naamka nawaza huu mti, mbona unakataa kukaa na chuma. Si furaha, dada. Lakini ni kitu cha kuamkia." Kisha akanisukumia karatasi ya msasa. "Na wewe umekuja kukaa tu? Sugua hapo, fuata mistari ya mti, usinikwaruzie."

Nikasugua huku machozi yananitoka, naye akajifanya hayaoni. Tangu siku hiyo nikienda napewa kazi. Mti ule tumeupaka mafuta, ukakauka, tukasugua, tukapaka tena, hadi ukang'aa kama ngozi ya farasi. Na sufuria zangu zikaanza kurudi tupu.

Jana ndiyo tuliijaribu. Orville hakukubali mtu aishike kwa mlio wa kwanza. Aliifunga kwenye gurudumu kuukuu, akatusogeza sote nyuma ya gari lake, akaivuta kwa kamba ndefu. Ikalia vizuri, na mtutu ukabaki salama. Ndipo akamkabidhi Harlan.

Harlan akalenga kwa muda mrefu sana. Kikasikika kijimlio kama cha kuvunja njugu, basi. Hakuna moshi, hakuna risasi.

Orville akauliza, "Harlan, umeunga bastola au kiberiti?"

"Kiberiti ni hicho chako," Harlan akamjibu, "tangu mwaka juzi hakijawasha hata sigara."

Wazee wakacheka hadi kushikana mabega. Mimi sikucheka, Twila. Nilikuwa sijasikia kaka akimtania mtu tangu Imogene afariki. Wakaisafisha, wakaishindilia upya, na safari hii ikatoa moshi mweupe uliomfunika mwili mzima. Risasi ikapiga nguzo ya ua, mbali kabisa na shabaha. Anasema alikuwa anailenga nguzo.

Alipomaliza aliifuta, akamrudishia Orville mkononi kama walivyokubaliana. Njiani Dewey alimuuliza kama anataka bunduki zake za kuwindia. Akasema, "Bado. Wakati ukifika nitakwambia." Jibu hilo limenituliza kuliko kama angesema zilete.

Leo baada ya kanisa amekuja kula kwetu. Amekula mkate wa mahindi, maharage na kuku, akaomba kuongezwa bila kusukumwa. Sasa amejinyoosha kwenye kochi langu, viatu miguuni, anakoroma hadi vioo vya kabati vinatetemeka. Dewey anataka kumwamsha asikilize mpira kwenye redio. Nimemkatalia. Naandika huku nikimsikiliza.

Msalimie Russ, na uwabusu Loyal na Tressie kwa niaba yangu, mama yao mkubwa. Dewey anakusalimu, na Orville pia. Mungu awakinge na baridi ya huko, awarudishe kwetu nyote mkiwa wazima.

Dada yako asiyeacha kukuwaza,
Verna