Mchirizi wa Gesi Ulirudi Mahali Pake

Papa wangu,

Miye Neema, binti yako. Nakuandikia hapa Rugenge na mtoto wangu Baraka amelala mapajani, kwa hiyo herufi zinapinda. Usinicheke.

Tangu tukuzike, ile mashini yako ya kupima gesi za ziwa ilikaa imefunikwa. Chef wa labo, mkubwa wa maabara yenu, aliipeleka Bukavu kutengenezwa, ikarudi kwa gari, na weye unaijua ile barabara ya Luvungi. Ilitikiswa vibaya. Chef akaniambia: "Mama Baraka, weye ulikuwa unamsaidia mzee. Jaribu kuirudisha sawa. Ikishindikana, hii kazi tunaifunga." Papa! Kazi yako yote ile, ifungwe?

Nikafanya kama ulivyonifundisha. Kwanza kile kichupa kilichozibwa, chenye gesi tunayoijua. Nikapitisha ndani ule mwanga usioonekana, infraruji. Ulisema kila gesi inakula mwanga mahali pake, na mahali pale hapahami. Kinachohama ni mashini. Kweli, kwenye kompyuta michirizi yote, ile inayoonyesha mwanga umeliwa wapi, ilikuwa imesogea pembeni. Nikairudisha polepole, naangalia namba za kitabu, mpaka ikakaa.

Halafu mchirizi mmoja ukazama ghafla. Nikasema basi, nimeharibu! Kumbe ni Baraka mgongoni, amepitisha kichwa begani, anapumulia mashini. Pumzi yetu iko na gesi ileile ya kichupani. Nikakusikia kama zamani: "Weye, ondoa pua yako! Hata weye uko kiwanda cha gesi!" Nikacheka peke yangu, machozi yanashuka. Nikaangalia mahali mchirizi ulipo, si kina chake. Mchirizi ulizama, lakini haukuhama. Mashini iko sawa, Papa. Iko sawa.

Chef akaangalia, akalinganisha na namba za kitabu. "Jumatatu uanze kazi," akasema. "Lakini huyu kiwanda kidogo abaki kwa bibi yake!"

Aksanti, Papa. Nilipobeba mimba nikaacha masomo, watu walisema mengi. Weye ulivuta kiti tu, ukasema, "Kaa hapa, unishikie kichupa." Sijui kama nilikushukuru siku ile. Leo nakushukuru.

Nakuahidi nitaingia masomo ya jioni, nielewe na akili haya ambayo mikono imeshajua.

Pumzika vizuri. Binti yako iko kazini.

Neema