Mara Kumi na Moja Ulisema Unaumwa

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ini lako likushinde, ukatuachia cherehani iliyonyamaza.

Ulikuwa fundi wa wanawake wanene, na mwenyewe ukiwa mmoja wao. Mteja akijionea haya mbele ya kioo, ulimfokea huku unacheka: “Hakuna mwili mbaya, kuna fundi mbaya! Inua mikono nikupime.” Walitoka dukani kwako wakitembea kama maharusi.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha. Kwa miaka mitatu ulikwenda kwa yule daktari wa zahanati, mara kumi na moja, ukamwonyesha mahali: hapa, chini ya mbavu za kulia. Hakukugusa hata kwa kidole. “Funga mdomo, mama, utapona.” Ukaacha kula jioni. Tumbo likazidi kukua, ukadhani ni unene. Kumbe ni maji.

Daktari wa kike wa hospitali kubwa ndiye aliyekupima. Ini lilijaa mafuta zamani, alisema, likavimba, sasa limebaki makovu. Lingewahiwa, lingetibika. Akakuuliza kama unakunywa pombe. “Mwanangu, mimi hata chai ya rangi hunipanda kichwani!” Akainama tusione macho yake. Wiki tano baadaye tukakuzika.

Dawa ya moto ni moto. Binti yako wa kwanza, karani, alipeleka kadi zako za zahanati kwenye baraza la madaktari. Ziara kumi na moja, neno lilelile: “Mnene.” Kabla ya shauri, daktari alikuja nyumbani. “Tuyamalize kifamilia, mzee.” Baba, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, akasimama mlangoni: “Ulimwambia mke wangu afunge mdomo. Sisi hatufungi.”

Mwezi uliopita daktari huyo alinyang'anywa leseni. Kibao chenye jina lake kiliposhushwa, tulikuwa ng'ambo ya barabara, sote, tumevaa nguo ulizotushonea. Dada yako akapiga vigelegele. Daktari alipotutazama, hakuna aliyeangalia pembeni.

Watu wema wanatusihi tusamehe. Wewe ungemsamehe siku ileile. Ndiyo maana hatukukuuliza.

Unakumbukwa na mumeo, fundi bomba. Binti zako watatu na wakweo. Dada yako, mkunga. Wajukuu zako, hata yule wa mwisho ambaye hukumbeba. Na wateja wako wote.

Hutasahaulika kamwe, Mama. Wewe lala pema. Yeye akeshe.