Meno ya plastiki ya Kabula

Jumanne, Buzuruga

Na bado damu inatoka. Kidogo tu, lakini kila nikimfuta Kabula mdomo, kitambaa kinakuwa chekundu.

Nilikuwa stendi naita abiria wa Magu. Huku nyumbani, mke wangu akiwa sokoni, homa ya mtoto ikapanda, mama mkwe akasema ni meno ya plastiki, yale meupe ya ufizini yanayodaiwa kuua watoto. Akampeleka kwa mzee anayeyang'oa. Mzee kachokonoa ufizi kwa spoku ya baiskeli!

Nilipopigiwa simu nikakimbia nyumbani, nikambeba mbio hospitali kupitia stendi. Kondakta mmoja akanipigia kelele, "Kaka, leo spika imezimika?" Nikampita mbio, mimi mpiga debe!

Daktari wa meno akaangalia, akashusha pumzi. "Baba, hakuna meno ya plastiki. Zile zilikuwa mbegu za meno yake mwenyewe. Homa ni malaria." Anasema meno ya pembeni, yale ya chonge, huenda yasiote, na ya ukubwani yaje yamepinda. Kwanza tuombe kidonda kisioze.

Mwenye meno meupe kuliko wote stendi nzima ni mimi, hata nilipokwenda Kampala waliyasifia. Nilishatangaza kwamba mwanangu karithi tabasamu langu.

Jioni mama mkwe kakaa mlangoni, hanitazami. Ndiye aliyemlea Kabula tangu siku ya kwanza.

"Baba Kabula, nimemharibu mtoto?"

Matusi ya stendi yote yalinijaa mdomoni. Nikasema, "Hapana, mama. Hata mimi ningempeleka."

Sikumdanganya, na hilo ndilo linaloniumiza. Kabula ana njaa. Akigusa ziwa la mama yake, analia.