Kwa Sikio, Uliyepanda Nguzo ya Zahanati

Mwaka umetimia, Sikio wetu, tangu dhoruba ya asubuhi ile ilipoivunja nguzo ya zahanati na wewe ukiwa juu yake. Watu wakiandika kumbukumbu huandika kwa machozi. Sisi tulilia mpaka yakakauka, kwa hiyo leo tunaandika kwa hasira, na hatuombi radhi.

Tuanze na mazuri, maana ndiyo yaliyokuwa mengi. Ulikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusimulia kichekesho, mpaka na sisi tunacheka bila kujua tunachekea nini. Ulikula ukiwa umesimama, sahani mkononi, mguu mmoja mlangoni, eti simu ya zamu ikilia usichelewe. Mkeo alikuwa akikuvuta shati: "Keti, baba, chakula hakina miguu." Unaketi, unameza vijiko viwili, unasimama tena.

Kazi yako uliipenda kupita kiasi. Dhoruba ikipita na mji ukazimika, wewe ulikuwa wa kwanza kuvaa mkanda wa kupandia na wa mwisho kuuvua. Na ulikuwa na mazoea yako. Ukishaunga waya, kituo kikawasha, hukushuka upesi. Ulingoja huko huko juu mpaka mtaa upige ile kelele ya umeme kurudi, watoto wakirukaruka na wakubwa wakisahau ukubwa wao. Halafu unampigia mkeo: "Nimewawashia." Unakata simu. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yako.

Jina la Sikio walikupa wenzako, kwa sababu hukupanda nguzo ya mti hata siku moja bila kuigonga kwa nyundo na kuitegea sikio. Nguzo nzima hulia kavu. Iliyooza ndani huitika kwa sauti nzito, kama mtu anayesema akiwa ndani ya blanketi. Ulimfundisha hayo Kitinda, mdogo wako wa kike wa mwisho, naye akaja kuwa fundi wa nyaya kwenye kikosi kile kile. Kila kiangazi mlizunguka mkigonga laini moja baada ya nyingine, na nguzo mbovu mkaizungushia pete ya rangi nyekundu, usawa wa kifua. Sheria ni fupi: penye pete hapandi mtu mpaka nguzo mpya isimamishwe. Pete huwekwa kiangazi kwa sababu dhoruba ikishaanza, kwa ule upepo na ile mvua, hakuna sikio linalosikia kitu. Siku hiyo fundi hutegemea pete tu.

Sasa tumtaje yeye. Jina lake hatuliandiki, lisije likakaa karibu na lako. Mlimwita Brashi, na wewe ndiye uliyemtungia, kwa kuwa kila kilichoharibika yeye alikipaka rangi. Ukuta umepasuka, rangi. Gari limekula kutu, rangi. Mlianza kazi siku moja, mkapanda nguzo pamoja miaka nenda miaka rudi, na siku ya harusi yako alisimama kando yako amekushikia koti. Kisha akapewa cheo, akawa mkuu wa kituo, na pete nyekundu zikaanza kumkera. Wakaguzi wa makao makuu walikuwa waje kabla ya msimu wa dhoruba, na laini yenye pete nyingi ni aibu kwa mkuu. Nguzo mpya hakuagiza. Aliagiza lami. Vibarua wakapita laini ya zahanati wakizipaka nguzo zote, nyeusi tii, zinang'aa, na pete zikazama chini yake. Wakaguzi wakaja, wakaona laini safi, wakampa mkono wa pongezi.

Asubuhi ya dhoruba Kitinda hakuwa zamu. Waya ulikatika, wodi ya wazazi ikabaki na jenereta inayokohoa, nawe ukaenda. Wenzako wanaapa kwamba uliigonga nguzo, ukaitegea sikio, ukatikisa kichwa kwamba husikii kwa upepo, ukaipangusa kwa mkono kutafuta pete. Hukuona ila lami. Ukapanda.

Kitinda alifika kabla mvua haijakatika. Alikuta kisiki kimesimama, akatoa kisu, akaikwangua lami, na chini yake akaiona pete. Ilikuwa yake. Aliipaka mwenyewe kiangazi kile, kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika kisu. Wenzako wanasema alipiga ukelele ambao mpaka leo wanausikia.

Kesho yake kisiki kilikuwa kimeng'olewa na kupasuliwa kuni. Taarifa ya kituo ikasema kwamba kulikuwa na upepo usio wa kawaida, na kwamba fundi hakuikagua nguzo kabla ya kupanda. Wewe! Sikio! Brashi aliisoma mwenyewe mbele yetu, miwani puani, kisha akamwambia mama, "Ni mapenzi ya Mungu."

Sentensi ile ya kwamba hukuikagua nguzo ndiyo iliyotunyima usingizi mwaka mzima. Kufa umekufa, na hatuna uwezo wa kukurudisha. Lakini kuzikwa na uzembe usiokuwa wako, hilo tulilikataa katakata. Kitinda alipeleka malalamiko, akaambiwa viapo vya wenzako havitoshi, alete ushahidi, na ushahidi ulikwisha kuwa majivu. Ndipo akala kiapo kwamba maneno yale yatafutwa, na atakayeyafuta ni Brashi kwa kinywa chake mwenyewe.

Watu walimshauri aache kazi. Hakuacha. Kila siku alimwamkia, "Shikamoo, mkuu," kwa upole ambao ulianza kumtisha.

Mwezi uliopita dhoruba ya kwanza ya msimu ikapita, na waya ukachomoka wapi? Kwenye nguzo ya langoni kwa Brashi. Tulicheka, tusidanganye. Kitinda alikuwa ameigonga kiangazi na kuitia pete, Brashi akaipaka chokaa, eti ifanane na ukuta wake. Lami hudumu, lakini chokaa ikipigwa na mvua ya namna ile haina maisha. Kikosi kilipofika mchana, chokaa yote iko mtaroni na pete iko wazi, nyekundu vile vile.

Brashi alitoka mbio na kandambili. Ndani alikuwa na wakwe zake, nyumba nzima ya watu, jua limewaka baada ya mvua, pampu ya maji haifanyi kazi, na vyoo... hayo mengine tunayaacha. Majirani walikuwa wamejaa barabarani.

"Mbona mmesimama?" akafoka. "Pandeni!"

"Shikamoo, mkuu," Kitinda akasema. "Nguzo ina pete. Tunangoja gari lenye kikapu cha kutuinua. Liko hospitali, likimaliza litakuja."

"Litamaliza lini?"

"Hospitali ni kubwa, mkuu."

"Wewe binti, usinipande kichwani! Nitakufukuza kazi hapa hapa!"

"Kichwani sipandi, mkuu, na nguzo hii sipandi."

Basi akawa mbogo. Asichojua ni kwamba Kitinda alikuwa ameshika redio ya kazi ubavuni, na kidole gumba chake kilikuwa kimebonyeza kitufe tangu lile neno la "Pandeni". Kila alichosema kilikuwa kinasikika kwenye chumba cha kuongozea umeme, na kwenye redio za vikosi vyote vilivyokuwa kazini mji mzima.

"Pete, pete, pete! Ni rangi tu hiyo! Si mpake lami juu yake mpande? Laini yote ya zahanati niliipakisha lami, pete na kila kitu, wakaguzi wakapita, nani alisema neno?"

Kitinda akaufungua mkanda wa kupandia kwa mkono wa pili, akamnyooshea.

"Basi panda wewe, mkuu. Si na wewe ulikuwa fundi? Ni rangi tu."

Brashi akaitazama nguzo toka chini mpaka juu. Akarudi nyuma. Akarudi tena, mpaka mgongo ukagota kwenye lango lake. Hapo hata wakwe zake walielewa.

Kitinda akaachia kitufe. Redio ikakoroma, na sauti ya mama wa zamu kule kwenye chumba cha kuongozea ikasema polepole, "Tumekusikia, mkuu. Sote."

Taarifa imeandikwa upya, Sikio. Sasa inasema uliikagua nguzo kama inavyotakiwa, na kwamba alama ilifichwa kwa amri ya mkuu wa kituo. Brashi amevuliwa cheo na shauri lake liko mahakamani. Nyumba yake ilikaa giza mpaka nguzo mpya zilipofika, na zilichelewa mno, kwa kuwa aliyepaswa kuziagiza mapema ni yeye. Siku zote hizo Kitinda alirudi nyumbani kwa kupita mtaa ule, ingawa si njia yake. Anasema alikuwa anafanya mazoezi ya kutembea.

Laini ya zahanati imewekewa nguzo mpya zote. Dhoruba ya juzi ilivuma kuliko ile yako, na wodi ya wazazi haikuzimika hata kidogo. Tunajua hilo ndilo ungelifurahia zaidi. Sisi, kusema kweli, tulifurahia zaidi lile la wakwe.

Tunajua pia ungetuambia tumwache. Ungecheka, ungesema huyo ni mtu wetu, ameteleza. Wewe ulikuwa na moyo huo na sisi hatunao, na hatujioni wabaya kwa kuukosa.

Wiki iliyopita alituma watu wazima wawili kuja kumwombea msamaha. Waliketi sebuleni wakaongea kwa adabu sana. Walisema hapati usingizi, amekonda, anajuta, ana watoto. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, akawasogezea sukari. Kisha akawaambia, "Mwambieni nitamsamehe siku mwanangu atakaposhuka."

Hawakuimaliza chai.

Unakumbukwa na mama yako. Na mkeo, ambaye hajamwachia mtu yeyote kusimama na sahani mlangoni. Na wanao mapacha, wanaobishana nani amerithi kicheko chako. Na kaka yako mkubwa, na Kitinda, na shemeji zako, na wajomba na shangazi zako wote, na wenzako wa kikosi ambao siku hizi ni ndugu wa nyumba hii.

Wewe hatutakusahau maishani mwetu. Na yeye hatumsahau.