Kata Kushoto, Juu ya Daraja

Swahiba, weka chai chini kwanza. Leo wazazi wa mchumba wamekuja kumposa mjukuu wangu, yule anayechora ramani za simu. Njiani wakakwama juu ya daraja!

Simu iliwaambia kata kushoto. Juu ya daraja, swahiba! Kushoto ni hewa. Barabara wanayoitaka inapita chini.

Mchumba akampigia simu mjukuu wangu. Binti akafungua kompyuta yake. Eti barabara zile mbili alizichora yeye, na zilipopishana akazifunga fundo kama njia panda. Mkono wake mwenyewe!

Wamefika, baba mkwe jasho tupu. Hata hajaketi: "Aliyechora ramani ile hajawahi kuona daraja!" Mke wangu akagawa vikombe.

Mzee akapoa, akamgeukia binti. "Na wewe mwanangu, unafanya kazi gani?"

Mie nikaangalia dari.

"Nachora ramani, baba. Kosa la darajani ni langu."

Mzee akatua kikombe. "Ilete hiyo kompyuta."

Kakaa kando yake mpaka fundo likafunguliwa.

"Haya, sasa tuongee posa. Njia ya kurudi nyumbani ipo."

Tumekubaliana. Wameondoka sasa hivi. Binti kasimama mlangoni, simu mkononi, anasubiri wavuke daraja.